Kiti cha Pili

Hebu nikuulize wewe unayesoma: umewahi kulala kitanda kimoja na mtu mwenye hofu, nawe una hofu ileile, kila mmoja akamficha mwenzake mpaka kukakucha? Bibi yangu Anyesi aliwahi. Alinisimulia habari hii tukichambua mlenda, na kila alipofika pale gari linapoanza kunguruma, mikono yake ilitulia juu ya ungo na mlenda ukangoja. Basi nami naiandika kama alivyoinena, polepole, maana ukiiharakisha inaharibika.

Zilikuwa zama za Mdachi, kabla kidogo ya vita vile vikubwa. Reli ilikwisha kupita Dodoma ikaenda zake Tabora. Dodoma yenyewe ilikuwa stesheni, boma, maduka machache, na vumbi. Babu yangu Nikodemo alikuwa kijana aliyesoma misheni kidogo, akapata kazi ya kutia mafuta magurudumu ya treni. Ndiyo kwanza alikuwa amemwoa bibi, wakikaa Nkuhungu kwenye tembe la mama yake babu, nyumba ya paa bapa la udongo, na kila alfajiri akitembea kwenda kazini, fimbo begani.

Pale stesheni palikuwa na tangi la maji ya treni, limepandishwa juu ya miguu ya chuma. Lilivuja daima. Chini yake palikuwa na ubaridi na kivuli, na hapo ndipo Hasani, Mrangi wa Kondoa, alipouzia tumbaku na asali, mkewe Mwanne akiwa pembeni na chungu cha uji. Jioni vijana wa reli walikusanyika hapo kuzungumza mitambo. Hawakuwa na lingine. Wengine wanazungumza ng'ombe, wao walizungumza mitambo.

Sasa kulikuwa na mhandisi mmoja wa barabara, Mdachi, ambaye watu walimwita Bwana Miwani, kwa sababu ya miwani yake mikubwa yenye mikanda ya ngozi, iliyomfanya afanane na bundi. Siku moja alitangaza kwamba motokaa ya mbio imeshushwa melini, itajaribiwa kwanza pwani, kisha itapandishwa treni kuja Dodoma. Huku kwetu ardhi ni tambarare, akasema, na barabara mpya ya kuelekea Kondoa imenyooka. Ilikuwa imenyooka kweli. Watu walikuwa wameilima kwa amri, jembe mbele na askari nyuma. Bwana Miwani akabandika picha ya gari hilo kwenye mguu wa tangi, na tangu hapo watu wakawa hawaendi kwao mapema.

"Viti viwili tu," alisema Hasani akiinamia picha. "Na mzigo?"

"Halibebi mzigo," alijibu babu.

"Mbuzi je?"

"Wee Hasani! Hili si la mbuzi. Hili ni la mbio."

Alikuwapo pia Matonya, mjomba wake babu, mfugaji mwenye masikio yaliyotobolewa na ulimi usiokuwa na kizuizi. Alikuwa amekuja kutafuta chumvi ya ng'ombe. "Mbio za kwenda wapi, mpwa wangu?"

"Kwenda tu, mjomba. Litaipita treni kana kwamba treni imefungwa kamba."

"Nimeona wakimbiao. Aliyeiba hukimbia, na aliyeona simba hukimbia. Hili limeiba nini?"

Watu wakacheka. Babu hakucheka. Bibi alisema babu alipolitaja gari lile uso wake uling'aa kama aliyepakwa samli. Akawaeleza kwamba ndani yake mna nguvu za farasi themanini.

"Themanini!" Matonya akapiga kofi paja. "Farasi wa boma alikuwa mmoja, mbung'o wakammaliza kabla ya mavuno. Hao themanini watapona?"

"Si farasi wa nyasi, mjomba. Ni nguvu tu."

"Haya. Na kiti cha pili ni cha nani? Mke wa Mzungu?"

Hapo babu akawa mwalimu. Alisema wa kiti cha kwanza anashika usukani. Wa kiti cha pili anapiga pampu ya mafuta kwa mkono, bila kuacha, na kwenye kona anaegemea upande wa ndani ili gari lisipinduke.

"Basi ni uzito tu," alisema Hasani. "Si waweke gunia la mchanga?"

"Gunia halina mama wa kulilia," alisema Matonya. Kisha akamgeukia babu. "Wewe unalisifu kama mchumba. Kakae wewe basi."

"Nitakaa."

"Utakaa?"

"Nitakaa, mjomba! Nitakupita barabarani na wewe na fahali wako mtabaki midomo wazi."

Lilikuwa neno la kivulini, la kumkomesha mjomba. Lakini nyuma yao alikuwa amesimama Bwana Miwani, aliyekuja kutazama tangi linavyovuja. Kiswahili alikijua, kile cha amri. Akamnyooshea babu kidole. "Vema. Wewe. Wewe utakaa."

Vicheko vikakatika. Maji ya tangi yakasikika yakidondoka, to, to. Na babu yangu, kwa kuwa macho ya watu wote yalikuwa juu yake, akasema, "Ndiyo, bwana."

Sasa nikueleze jambo la kwetu Wagogo, maana bila hilo hutamwelewa bibi. Mwanamume akitaka kwenda safari ya hatari, mke wake anaweza kumkataza. Akimkataza, mume akabaki, hachekwi na mtu. Akiulizwa husema, "Nyumba imekataa," na yamekwisha, hata mzee mwenye ulimi mchungu hunyamaza. Lakini kukataza huko kuna wakati wake. Ni kabla mume hajashika fimbo na kuvuka mlango. Akishavuka, ameshika njia, na aliyeshika njia haitwi kwa nyuma. Ukimwita umemkatia njia, na litakalompata huko litakuwa juu ya kichwa chako. Mimi mwenyewe, nimezeeka hivi, mtu akisahau kitu simwiti. Namfuata, nampita, ndipo namgeukia.

Basi bibi alikuwa na nafasi. Jioni ile babu aliporudi akamwambia habari ya kiti, akiwa amesimama, mikono ikichora magurudumu hewani. Bibi akasonga ugali wa uwele kimya. Moyoni alikuwa akisema, nitamkataza. Lakini alimtazama uso, akauona uking'aa, naye alikuwa bibi harusi, bado anaogopa hata kikohozi cha mama mkwe. Akasema, "Kula, chakula kinapoa."

Jioni zilizofuata zikawa vivyo hivyo. Babu anaeleza gari, sauti ikipanda kuliko jana yake, kisha ananyamaza ghafla na kumtazama mkewe. Anamtazama sana. Bibi aliona anataka sifa. Akasema, "Ni gari zuri." Babu akainamisha macho kwenye bakuli.

Kisha likaja jambo la Mwanne. Bibi alikuwa amepeleka maziwa ya mgando stesheni, Mwanne akamvuta nyuma ya tangi akamshika mkono, akasema naye kwa Kigogo chake cha kuokoteza. Mkono wa Mwanne ulikuwa baridi.

"Shoga yangu, mumeo amekwambia habari za pwani?"

"Za pwani gani?"

"Mpishi wa treni amekunywa uji hapa kwangu. Anasema gari lilijaribiwa huko chini, na kiti cha pili kilikuwa na mtu. Kwenye kona akachomoka kama kokwa ya ubuyu unapoitema. Walimwokota mbali, Anyesi. Hakusema neno mpaka wakamzika."

Bibi alisema masikio yake yaliziba, akaona midomo ya Mwanne ikienda bila sauti.

"Kile kiti kimeshaonja," Mwanne akamaliza. "Mkataze mumeo. Kwenu si mnakataza?"

Gari likafika kwa treni ya mizigo, ndani ya sanduku la mbao kubwa kama kibanda. Watu walijaa. Walipobomoa mbao, majani makavu yakamwagika, na lenyewe likatokea, jeupe kama maziwa, refu, limejiinamia chini kama chui anayenyemelea. Halikuwa na paa wala mlango. Bibi hakutazama taa wala magurudumu. Alitazama viti. Cha kwanza ngozi yake ilikuwa imepauka kwa jua la pwani. Cha pili kilikuwa na ngozi mpya inayong'aa, na misumari mipya.

Bwana Miwani akazungusha mpini wa mbele. Gari likakohoa, likanguruma. Mbuzi walikata kamba. Wanawake walirudi nyuma wote kwa pamoja kama wimbi la mtama ukipigwa na upepo. Hasani, aliyekuwa amelitilia shaka siku zote, sasa ndiye aliyepiga vigelegele kama mwanamke. Na vijana wa reli wakasahau kuogopa, wakawa wanagombea kunusa moshi. Bibi akamwona babu katikati yao. Alikuwa akicheka kwa meno, lakini mkono wake ulikuwa umeshika mkia wa shati lake mwenyewe, unausokota, unausokota. Bibi aliona. Hakuelewa alichoona.

Bwana Miwani akasema kesho asubuhi watakimbia.

Jioni hiyo babu hakueleza gari. Alikula kidogo. Akamuuliza mkewe, "Huna neno?"

Bibi akafungua mdomo. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ukuta, anakohoa. Akafikiri, alfajiri, tukiwa wawili, kabla hajashika fimbo. Akasema, "Sina. Kesho nitasema."

Na kesho hiyo ndiyo iliyomponza. Ilikuwa kiangazi, maji yalichimbwa mchangani kwenye korongo, na asiyewahi hukuta matope. Bibi aliamka giza likiwa bado, akachukua kibuyu akakimbia, akijua mumewe hutoka jua likichungulia. Akachota kwa kata, kidogo kidogo, na kwa haraka yake nusu ya maji yanamwagika. Aliporudi jua lilikuwa halijachungulia. Akaingia. Akatazama pembeni mwa mlango.

Fimbo haikuwapo.

"Ametoka," alisema mama mkwe bila kumtazama. "Alikaa hapo mlangoni kitambo. Kama anayengoja mtu."

Bibi akaweka kibuyu chini, kikaanguka, maji yakanywewa na vumbi. Akapanda juu ya paa la tembe. Kutoka pale aliona njia ya stesheni, nyeupe, na mbali sana mtu mdogo kama sisimizi. Sauti yake ingefika. Alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe. Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, maana alishindwa kuuamini mdomo wake.

Akakaa hapo juu hajui afanye nini, mpaka akasikia. Kwanza kama nyuki mtungini, kisha kama mawe yanabingirika, lakini mawe yale hayakufika chini. Upande wa stesheni vumbi likainuka, likaanza kutembea juu ya barabara kuelekea kaskazini.

Ndipo akili ikamjia. Haitwi kwa nyuma. Hakuna aliyesema haitwi kwa mbele.

Barabara ile ilinyooka kila mahali isipokuwa pale inapokutana na korongo, palepale bibi alipokuwa amechota maji. Hapo ilipinda. Kona ya kwanza. Bibi akateremka, akakata porini, kwenye miiba ya migunga ambako hata mbuzi huchagua pa kukanyaga. Nguo yake ilibaki kwenye miiba vipande vipande, naye hakuhisi. Alichohisi ni mngurumo tu, unakua upande wa kushoto, unamkimbiza kwenda palepale anapokwenda.

Akaukuta mfuo wa korongo na Matonya na ng'ombe wake wanasubiri kunywa.

"Anyesi! Mbukwa!" Matonya alimwamkia Kigogo. "Simba?"

Bibi akapanda ukingo, akaingia barabarani, akasimama katikati.

Alisema hivi, nami nayaandika kama yalivyo: "Mjukuu wangu, niliogopa mpaka nikawa sina miguu. Nilikuwa nimesimama juu ya kitu, lakini si miguu." Gari lilikuja na vumbi nyuma yake likiwa limesimama wima kama ukuta. Lilikuwa na macho mawili ya kioo na jua limo ndani yake. Matonya alikuwa akipiga kelele, ng'ombe wanatawanyika, na bibi hakufumba macho, kwa sababu alijua akiyafumba atakimbia. Akainua mikono yote miwili, viganja wazi, kama anavyozuiwa fahali.

Kilio cha chuma. Gari likayumba, likamwacha kwa upande, upepo wake ukamtupa chini, likaacha barabara likazama puani mchangani mwa korongo. Likazimika. Kimya kikashuka pamoja na vumbi, na kwa muda bibi hakujua kama ni mjane.

Kisha mtu akainuka kutoka kiti cha pili. Alikuwa mweusi kwa mafuta usoni mote, macho tu meupe. Mkono wa kulia ulikuwa bado unapiga pampu ambayo haikuwa mkononi.

Bwana Miwani aliruka chini akija na kiboko. Sijui nikuelezeje watu wa zama zile walivyokijua kiboko. Lakini alilitazama gari, lilivyozama, akamtazama Matonya na wachungaji wake waliokuwa wamekuja mbio, akaona kwamba mikono ya kulitoa ni hiyohiyo. Akasimama. Uso ulikuwa mwekundu, mdomo unatetemeka. Bibi alisema hapo ndipo alipotambua kwamba hata yeye alikuwa na hofu.

"Mwanamke huyu anataka nini?" aliuliza.

Bibi Kiswahili hakukijua wakati huo. Babu akamgeukia, akamuuliza kwa Kigogo, sauti imekauka, "Bwana anauliza unataka nini."

Bibi alikuwa bado kaketi vumbini. Akasema, "Mwambie nyumba imekataa."

Babu hakuhama. Alimtazama kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Kisha akamgeukia Mzungu. "Nyumba yangu imekataa, bwana. Sipandi tena."

"Nini? Nyumba gani?"

"Hii," alisema babu, na akamwonyesha mkewe.

Bwana Miwani akasema, "Kesho, bomani," na kila mtu alielewa maana ya kesho bomani. Sitaficha: viboko babu alivila, ishirini na tano, na kazi ya reli ikaisha. Lakini hayo ni ya kesho yake.

Siku hiyo walilivuta gari kwa kamba za ngozi, watu mbele, watu nyuma. Matonya ndiye aliyekuwa akihesabia mvuto. "Gari la mbio!" alisema akihema. "Ng'ombe wangu mzee akinaswa matopeni hutolewa na watu wawili." Hakuna aliyecheka, hata yeye. Lilipotoka, Bwana Miwani aliagiza gunia. Wakalijaza mchanga wa korongo, wakalipakia kiti cha pili, Matonya mwenyewe akalifunga kwa kamba ya ngozi ya fahali, mizunguko mingi, akavuta kwa mguu. Akamwambia babu kwa sauti ya chini, "Hii haikatiki. Imemzuia fahali mkali."

Gari likaondoka. Wakaketi ukingoni, bibi na babu, na Matonya mbali kidogo akikusanya ng'ombe wake kwa mluzi. Mngurumo ulienda, ukawa nyuki, ukapotea. Bibi alikuwa akichomoa miiba mguuni, mmoja mmoja, anaipanga juu ya jiwe. Babu alikuwa akijifuta mafuta kwa mchanga, nayo hayatoki.

Jua lilipokuwa limeegemea upande, nyuki wakarudi. Gari likatokea kaskazini, sasa likienda polepole, kama mnyama anayechechemea. Likapita mbele yao, Bwana Miwani ameshika usukani kwa mikono miwili, miwani imejaa vumbi, hakugeuka kuwatazama.

Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Kamba ya fahali ilikuwa inaburuzwa barabarani nyuma yake, imekatika, inachora mstari mwembamba vumbini.

Matonya akaacha kupiga mluzi.

Babu aliutazama ule mstari mpaka gari likaingia kwenye vumbi lake lenyewe. Kisha akaanza kutetemeka, mwili mzima, magoti mpaka meno, kama mwenye homa. Bibi akamshika mabega. Hakuwa amewahi kumshika mbele ya mjomba wake.

"Habari ya pwani niliijua," alisema babu. "Niliijua kabla halijafika."

"Nami niliijua," alisema bibi. "Mbona hukukataa?"

"Ningekataaje? Mbele ya watu wote wale?" Akavuta pumzi, ikakatika, akaivuta tena. "Kila jioni nilikuwa nakueleza lile gari, nalifanya liwe kali, liwe la kutisha, halafu nanyamaza nakungoja. Hata leo asubuhi nimekaa mlangoni na fimbo mkononi. Anyesi, nilitaka unikataze."